UZI: Nyanya, tango na hoho za kujaza bila kuwasha jiko (kwa sisi tunaoishi chini ya bati)

KijikoChaChai (#1)

Wakuu, habari za jasho.

Nimepanga Tabata, chumba na sebule, bati bila dari. Wanaojua wanajua. Kaskazi ikishaingia, kuanzia Desemba mpaka masika yafike, unarudi kazini saa kumi na mbili jioni na ukuta bado unachoma mgongo ukiuegemea. Siku moja nilichemsha maharage, umeme ukakatika feni ikasimama, jiko likaendelea kuwaka saa nzima na nusu. Nikaishia kula nimekaa ngazini nje na taulo shingoni kama bondia. Siku ile nikasema basi: Januari na Februari, siku za kazi, jiko linapumzika.

Najua mtaniambia kachumbari. Kachumbari nimekula wiki nzima. Saa nne usiku njaa inapiga hodi. Haina kitu cha kukaa tumboni, na nusu ya utamu wake unabaki chini ya bakuli kama maji.

Nikaanza kujaribu kujaza nyanya. Za kwanza zilikuwa aibu, nitawasimulia chini. Hii ndiyo inayonikaa sasa, watu wawili wanashiba:

Nyanya sita kubwa, ngumu, zenye makalio bapa ili zikae kwenye sahani bila kubingirika. Kata juu kama unafungua dafu, vile vifuniko usitupe. Chukua kijiko cha chai (ndiyo, ndipo jina langu lilipotoka), zungusha kwa ndani, toa nyama na mbegu zote, uache ukuta wa unene wa kidole kidogo. Nyunyiza chumvi kidogo ndani, kisha zipindue kifudifudi kwenye chujio au sahani, dakika 15 hadi 20. Utashangaa maji yatakayotoka. Yale maji ndiyo yaliyokuwa yananiharibia.

Zile nyama za ndani zichuje kwa chujio la chai, ukandamize, upate juisi kama nusu kikombe. Sasa hapa ndipo penyewe: juisi hiyo mwagia kwenye kuskusi kavu, nusu kikombe cha chai, funika, nusu saa. Ikipungua ongeza maji safi vijiko viwili vitatu. Kuskusi za pakiti zimeshapikwa kwa mvuke kiwandani, kwa hiyo hazihitaji moto, zinahitaji kunywa tu. Ukizilowesha kwa maji baridi zinabaki na punje zinazotafunika, hazigandi kama uji. Na zikinywa juisi ya nyanya badala ya maji matupu, hutaki kurudi nyuma.

Kopo moja la jodari, chuja mafuta. Kitunguu kimoja, kata vidogo sana, sugua na chumvi, suuza, kamua, kama wa kachumbari. Karoti moja ya kukuna. Giligilani. Pilipili kwa imani yako. Ndimu moja na nusu. Changanya na kuskusi, onja, NDIPO uweke chumvi, maana jodari ana chumvi yake na nyanya umeshazitia. Jaza kwa kushindilia kidogo, rudisha kifuniko.

Jaza wakati wa kula. Si asubuhi. Nilijaza asubuhi nikabeba ofisini kwenye hotpoti, tulikuwa na kijisherehe cha kumuaga mwenzetu. Saa saba nafungua mbele za watu: nyanya zimelala chali, zimelia, supu imejaa hotpoti nzima. Bosi akauliza, "Hii ni mboga ya nini?" Sijasahau.

Karibuni, mwenye ya kwake aweke.

---

Kiroboto_Mzee (#2)

Nimewahi siti ya mbele. Uzi bila picha tunauitaje?

---

MzeeWaUgali (#3)

Kwa hiyo hii ni kachumbari iliyovalishwa kofia.

Mkuu, mimi mtu wa Iringa. Chakula ni kitu ambacho kikipikwa jirani anajua kimepikwa. Nyanya sita na kopo la samaki ni kitafunwa cha kusubiria chakula.

---

KijikoChaChai (#4)

Mzee, wewe uko Iringa, mnalala na blanketi. Njoo Tabata wiki moja ndipo tubishane 😂

Halafu si kitafunwa. Kuskusi ni ngano ileile ya chapati, jodari ni samaki. Ukila nyanya tatu kubwa zilizoshindiliwa ukaenda kulala, utanitafuta asubuhi.

---

NyanyaMasalo (#5)

Nauza nyanya Stereo, Temeke, niruhusuni niseme maana wengi mtaharibu kwenye kununua kabla hamjafika jikoni.

Nyanya ya kujaza si nyanya ya mchuzi. Ya mchuzi hata masalo, ile iliyokwisha lainika, inafaa, ikipondeka ndiyo vizuri. Ya kujaza inunue ambayo imeiva rangi lakini ukiibonyeza begani, pale karibu na kikonyo, haibonyei. Zenye nyufa za mviringo juu achana nazo, ukiingiza kijiko tu zinapasuka hapohapo. Zile ndefu zenye umbo la yai ni ngumu, zinavumilia safari kutoka Ilula, lakini hazisimami kwenye sahani; hizo zipasue kwa urefu uzijaze kama mtumbwi.

Na ukinunua fungu usiogope kuomba kugeuza ya chini. Muuzaji akinuna, hamia meza ya pili. Mimi mwenyewe nanuna lakini nageuza.

Kuziweka: msiziingize kwenye friji kabla ya siku ya kula. Ubaridi unaua harufu ya nyanya, inabaki kama karatasi nyekundu. Zilaze kikonyo chini, mbali na jua, zisilaliane.

---

Kiroboto_Mzee (#6)

Anaitwa Nyanya Masalo halafu anatuambia tusinunue masalo. Tanzania yetu.

---

BiNdimu (#7)

Asalaam alaykum wanangu. Huku kwetu Unguja nyanya ni tungule, na mimi tungule sijazi, najaza tango. Nimepita tu nione mnavyohangaika na makopo wakati nazi ipo.

Chukua tango nene, kata ncha zote mbili uonje, maana uchungu hukaa nchani. Lipasue kwa urefu, kwangua mbegu zote kwa kijiko, likae kama ngarawa. Paka chumvi, lipindue, sawa na alivyosema huyu mwenzangu hapo juu.

Kisha nazi moja, iliyokomaa lakini maji bado yanachezacheza ukiitikisa. Kaa kwenye mbuzi uikune, usifike kwenye ganda jeusi, itakuwa na uchungu na rangi mbaya. Kwenye kinu weka pilipili mbichi mbili, thomu (kitunguu saumu chenu) punje moja tu, kotmiri (ndiyo giligilani) konzi moja, chumvi. Twanga hadi iwe rojo. Tia nazi, twanga tena lakini polepole, hutaki itoe tui, unataka ishikane tu. Malizia na ndimu, au embe bichi la kukuna kama lipo. Hiyo chatne wengine huila na bajia. Weye shindilia kwenye ngarawa yako, juu yake ponda dengu za kukaanga, zile za kununua kwenye vipakiti, upate cha kutafuna.

Nazi ina mafuta mengi, kwa hiyo hiyo ngarawa moja utaimaliza kwa taabu. Ila haingoji. Nazi iliyokunwa joto hili, ikifika magharibi imeshachacha. Ikune, ile, basi.

---

Hawa_wa_Mbezi (#8)

Bi Ndimu umenikumbusha mbali 😭 bibi alikuwa anakuna nazi huku anatuhadithia, ukichota anakupiga konzi ya mkono.

Swali: sisi tusio na kinu? Blenda inataka umeme, na umeme ndio hivyo.

---

BiNdimu (#9)

Mwanangu, nyumba bila kinu? Haya. Ponda pilipili na thomu na chumvi kwa chini ya kikombe kizito kwenye sahani, ukatie kotmiri kwa kisu, uchanganye na nazi kwa mkono. Haitokuwa sawa lakini italika.

---

MlinziWaGhala (#10)

Salamu kutoka Muscat, wazee. Nawaonea wivu na hilo joto lenu la Dar.

Huku kiangazi ni Juni mpaka Agosti, na kuna sheria: kazi za nje kwenye jua marufuku saa sita na nusu mchana mpaka saa tisa na nusu. Juni 2018, kule Quriyat, mji wa pwani hapa jirani na Muscat, kipimo hakikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa siku nzima. Usiku, jua limezama, 42.6. Mtu unafungua mlango kama unafunua chungu.

Chumbani tuko wanne, jiko moja la gesi, hakuna anayetaka kulisogelea. Tunachofanya: mtindi mzito kilo moja, unautia chumvi kidogo, unaumimina kwenye kitambaa cheupe safi, unafunga fundo, unauning'iniza NDANI YA FRIJI juu ya bakuli. Asubuhi maji yametoka, umebaki na kitu kizito kama siagi laini. Waarabu wa huku wanaita labne. Changanya na nanaa kavu, thomu kidogo, mafuta ya zeituni. Hapo una cha kujazia hoho, nyanya, tango, chochote. Kwa ajili ya kushiba tunaponda njegere za kopo, zile kubwa za rangi ya maziwa wanazotengenezea humusi, nusu zipondeke nusu zibaki nzima, tunachanganya humo.

Hoho nyekundu ndiyo nzuri kwa kula mbichi. Nilidhani ni aina nyingine, kumbe ni ileile ya kijani iliyoachwa ikaiva shambani. Ndiyo maana ni tamu zaidi, na ndiyo maana ni ghali, imekaa kwa mkulima muda mrefu. Ya kijani mbichi ina kaukali na wengine inawajaza gesi. Zile nyuzi nyeupe za ndani zitoe zote, ndizo chungu.

Pembeni tende mbichi za msimu, zile laini, zinaanza kushuka kipindi hichohicho cha joto. Mungu hamtupi mja wake.

---

Chaudele (#11)

Nimeona watu wanataja makopo na mimi mfuko umelala. Kwani mtu akiloweka maharage usiku mzima si yanakuwa laini, unaponda unajazia? Maharage tunayo kilo tano ndani.

---

MuuguziWaZamu (#12)

@Chaudele USIFANYE HIVYO. Nimeacha chai yangu kuja kukujibu.

Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili ambayo haiondoki kwa kulowekwa. Inaondoka kwa kuchemshwa kwelikweli, yatokote. Punje chache tu zinatosha kukulaza unatapika na kuharisha, saa chache baada ya kula. Maharage ya kopo yameshapikwa ndani ya kopo, hayo jaza. Ya gunia, washa jiko, hakuna njia nyingine. Kama unayataka kwenye mlo huu, chemsha alfajiri kabla hakujapambazuka, kukiwa na ubaridi.

Na kwa kuwa nimeshaingia, niseme na hili. Mlo usiopita motoni hauna anayekusafishia makosa. Ukipika mchuzi, moto unakufichia uzembe wako wa kutonawa mikono. Hapa hakuna. Kwa hiyo:

Nyanya, tango, hoho, kotmiri, vioshwe kwa maji safi yanayotiririka, hata kama unamenya. Kisu kinapita kwenye ganda kinaingia ndani na uchafu wake. Kama maji ya bomba lako huyaamini, tumia yaliyochemshwa jana usiku au yaliyotiwa dawa ya kutibu maji. Kipindupindu hakina adabu. Kibao ulichokatia kuku asubuhi kisiguse tango la jioni.

Na muda. Kanuni ya kawaida ni kwamba chakula cha kuharibika kisikae nje ya friji zaidi ya saa mbili. Joto likizidi nyuzi 32 hesabu saa moja. Dar Februari mchana tunagusa hapo. Kwa hiyo @KijikoChaChai, pamoja na supu kwenye hotpoti, mshukuru Mungu bosi hakuionja.

Kopo lililofura, au linalopiga mvuke ukilifungua, tupa. Usionje kwanza "kuhakikisha".

---

KijikoChaChai (#13)

Dada muuguzi umenitoa jasho jingine. Hotpoti ile ilikaa kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa saba mchana 🙈 Siku hizi nabeba vitu mbalimbali: nyanya nzima kwenye mfuko, kopo halijafunguliwa, kuskusi kavu kwenye kikopo, kijiko. Naunganisha mezani. Wenzangu wananiita fundi mitambo.

---

Chaudele (#14)

Asante dada, umeniokoa mimi na shemeji zako watatu. Nilikuwa nimeshaloweka bakuli. Kesho yanapikwa.

Sasa mtu asiye na kopo anajazia nini?

---

Ntwara_Kuchele (#15)

Korosho mkuu. Huku kusini hatuna shida. Chukua korosho zilizobanguliwa, hata zile vipande vipande ambazo bei yake ni ya chini, utamu ni uleule. Loweka kwenye maji safi saa nne hivi, mwaga maji, twanga na ndimu, chumvi na punje ya kitunguu saumu. Ukiongeza kijiko kimoja kimoja cha maji inageuka kama krimu nzito. Ndani yake tia karoti, kitunguu, hoho zilizokatwa vidogo. Jaza nyanya.

Kwaresma ndiyo nakula hii. Siku hizi Kwaresma na Ramadhani zote zinaangukia kwenye joto, na Ijumaa bila nyama inapita vizuri. Hata kopo la jodari silikumbuki.

Karanga za kukaanga zinafaa pia, ila twanga kidogo tu, ukizidisha unapata siagi ya karanga na nyanya haipatani nayo. Nimejaribu. Watoto walikataa, mbwa akanusa akaondoka.

---

MtotoWaBukavu (#16)

Salama bandugu. Mimi ni mtoto wa Bukavu, niko Bruxelles sasa miaka tisa. Hiyo chakula munasema, Wabelgiji wako nayo tangu zamani, wanaiita tomate-crevettes. Tomate mbichi, wanaitoa ngozi, wanaitoa ndani, wanajaza na kamba wadogo wa rangi ya kijivu wa Bahari ya Kaskazini, wamechanganya na mayonezi. Majira ya joto kila restora iko nayo.

Wale kamba wanachemshwa palepale kwenye mashua, kwa hiyo ukinunua wameisha iva. Na kuna mji moja wa pwani, Oostduinkerke, wavuvi wanaingia baharini juu ya farasi, farasi anavuta wavu ndani ya maji! UNESCO iliandika hiyo kazi kwa orodha yake mwaka wa 2013. Nilienda kuangalia na watoto, hawakuamini.

Mara ya kwanza mama mkwe wangu alikuja kutoka Bukavu nikamupikia, yaani nikamujazia, alitazama sahani akauliza: "Na chakula iko wapi?"

---

MzeeWaUgali (#17)

Mama mkwe wako ni mtu mwenye akili. Nipe namba ya mzee wake tuongee.

---

Hawa_wa_Mbezi (#18)

😂😂😂 Mtoto wa Bukavu, hiyo ngozi unaitoaje bila maji ya moto?

---

MtotoWaBukavu (#19)

Dada, umenikamata. Wanachovya kwa maji ya moto sekunde chache. Mimi naacha na ngozi yake. Na wanakula na chips, lakini chips anapika muuzaji, si mimi.

---

Mgogo_Halisi (#20)

Msio na friji, Dodoma tunatumia mtungi wa udongo au kikapu kilichofunikwa kitambaa kibichi, weka kivulini penye upepo. Tango na nyanya zinatoka baridi kabisa.

---

KijikoChaChai (#21)

Mkuu nimejaribu Dar, ilipoa kidogo sana. Nadhani ni unyevu wetu. Dodoma hewa kavu, kitambaa kinakauka haraka na kukauka ndiko kunakopoza. Hapa kitambaa kinashinda kibichi tangu asubuhi mpaka jioni, kinaanza na kunuka. Nilichopata ni kununua barafu ya mfuko kwa jirani mwenye friza, kutia kwenye ndoo yenye kifuniko, nyanya zikiwa kwenye mfuko wao zisiguse maji. Nusu saa kabla ya kula.

---

Hawa_wa_Mbezi (#22)

Na parachichi jamani? Naona mmelisahau na lina shimo tayari, hata kijiko hakihitajiki.

---

KijikoChaChai (#23)

Sijalisahau, nalikwepa. Ukilijaza jodari linakuwa zito mno kwa joto hili, unasinzia na uma mkononi. Parachichi najaza kachumbari kavu tu, kitunguu na nyanya iliyokamuliwa na ndimu nyingi. Ndimu inalizuia kuwa jeusi kwa muda, lakini usilikate wageni wakiwa bado kwenye foleni ya Ubungo.

Biringanya nimeulizwa inboksi: hapana. Bichi ni chungu na linatafunika kama sponji. Hilo liachie jiko lako na mwezi wa saba.

---

MzeeWaUgali (#24)

Narudi kutoa ripoti. Nimeshuka Dar tangu juzi kumsindikiza binti chuoni, nimefikia kwa mdogo wangu Kimara, sijalala. Jana jioni nikamwambia shemeji yenu tununue hivyo vitu, tukafuata maelezo ya namba moja, hata kupindua nyanya.

Kile cha kujazia ni kitamu, sitadanganya. Kuskusi na ile juisi, sawa. Lakini kumng'ata nyanya mzima kwa mkono, mchuzi unatiririka mpaka kwenye kiwiko, mtu mzima mimi mbele ya watoto? Nikakichota chote kwa kijiko nikakila. Zile nyanya zikabaki tupu, nikazikata, kitunguu, ndimu, pilipili, nikasonga ugali kidogo tu wa kulia hiyo kachumbari.

---

KijikoChaChai (#25)

Mzee, kwa hiyo umewasha jiko.

---

MzeeWaUgali (#26)

Nimewasha. Nimesongea nje, uani, nimevaa singlendi.